Mashina ya Boke

Mimi nimeolewa na mwanamke mwenzangu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa.

Kwetu Mara jambo hili lina jina lake, nyumba ntobhu, na lilikuwapo kabla ya makanisa na kabla ya ofisi za wilaya. Mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake. Boke hakuwa na mtoto kabisa. Mumewe alipokufa, wazee wa ukoo hapa Butiama wakaanza kuiangalia nyumba yake kama mtu anavyokiangalia kiti ambacho mgeni yuko karibu kuinuka. Boke akaenda kwao Tarime na ng'ombe, akarudi na mimi. Wazee wakala nyama ya arusi, wakanawa mikono, wakasema nyumba imesimama.

Nikazaa mabinti watatu. Baba yao ni nani si shauri lako. Wazee walinuna, maana walitegemea mvulana, lakini Boke alimbeba Ursula, wa kwanza, akazunguka naye shamba zima la kahawa akimtambulisha kwa mti mmoja mmoja.

Kahawa hiyo ndiyo ugomvi wenyewe, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Katika ukoo huu mwanamke anaruhusiwa kulima mtama, mihogo, viazi, chochote kinachokwisha msimu ukikwisha. Mti wa kudumu ni habari nyingine. Mti ni mali ya aliyeupanda, na ardhi iliyo chini yake humfuata. Ndiyo maana mwanamke hapandi mti. Boke alipoletwa huku akiwa bibi arusi aliikuta sheria hiyo ikimsubiri mlangoni, na yeye alitoka kwenye mji uliolelewa kwa kahawa. Chama cha ushirika kilipogawa miche, akapanga foleni. Wakamwambia akamlete mumewe. Mumewe alikuwa mtu wa ng'ombe, kahawa haimwingii kichwani.

Basi Boke akaenda msibani kwao. Asubuhi ya kurudi aliokota miche iliyojiotea chini ya mibuni ya baba yake, akaifungasha kwenye khanga pamoja na udongo wake, akaibeba mgongoni. Ndani ya lori mtu mmoja akamuuliza mbona mtoto wake hata halii. "Amelala," Boke akasema, na akaendelea kumbembeleza mpaka Butiama. Aliipanda nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa mawe ambao hakuna mwanamume aliyeutaka. Walipoona majani yanang'aa walidhani ni maua ya kupamba uwanja. Walipokuja kuona matunda mekundu, maji yalikuwa yameshamwagika.

Boke alikufa mzee, meno yake yote mdomoni, na ulimi wake pia. Hata matanga hayajaisha, ukoo ukakaa kikao. Aliyelitaka shamba ni Wanzagi, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Boke. Mimi namwita shemeji. Anakaa Kabasa, Bunda, mkulima wa pamba, mtu wa kazi, sitamsingizia uvivu. Tatizo lake ni moja tu: kila ardhi akiiona, anaona pamba yake juu yake.

Msemaji wa kikao alikuwa mzee Mniko, mkubwa wa ukoo. Mzee huyu hapendi kumuudhi mtu yeyote, na ukimpa nyama ndiyo kabisa. Akakohoa, akasema:

"Mwanamke hana ardhi. Ila alichopanda ni chake, hiyo tunajuaga wote. Kwa hiyo kahawa ya Boke ikiwa bado imesimama, Ghati atachuma. Siku ikiisha, shamba linarudi kwa Wanzagi. Na asipande mti mwingine. Hata mmoja."

Watu wakaitikia kwamba hiyo ni haki. Ghati ndiye mimi, na niliumia mpaka nikashindwa kulia. Kila mtu pale alijua mibuni ile ilikuwa imezeeka kuliko mimi. Hawakuninyang'anya shamba, waliniambia nikae nilitazame likifa.

Na ilianza kufa kweli. Mashina yakaota kuvu, matawi yakawa marefu na makavu, matunda yakabaki juu kabisa ambako hata ngazi haifiki. Wanzagi akawa anakuja kila baada ya muda, anaegesha pikipiki yake, anapita katikati ya mibuni mikono nyuma.

"Shemeji, hawa wazee wetu wanaendeleaje?" ananiuliza. Anaisema miti.

"Wanakusalimu," namjibu.

"Huyu hapa naona hatamaliza mwaka."

"Hata wewe shemeji, hatujui kama utaumaliza."

Anacheka, anapanda pikipiki, anaondoka. Mimi nabaki na hasira ambayo haina pa kwenda. Ursula alikuwa amemaliza kidato cha nne, wadogo zake bado wako shule, na wote walijua kwamba nyumba waliyozaliwa ilikuwa inahesabiwa umri wake kwenye magome ya miti. Na ubaya zaidi, bei ya kahawa ilikuwa imepanda. Watu waliong'oa mibuni yao zamani wakati bei ilipokuwa ya kudhalilisha walikuwa wanajiuma vidole, na mimi niliyebaki nayo nilikuwa nimekatazwa hata kupanda mche mmoja.

Ndipo tukaitwa semina Musoma, katika ukumbi mmoja Bweri, sisi wakulima wa kahawa wa wilaya yetu. Semina ya kahawa, na tukanyweshwa chai ya rangi. Mtaalamu aliitwa Fredy, kijana mwenye sauti ya upole, na alianza mbali sana. Akasema kahawa ilitoka kwenye misitu ya Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen. Huko wafanyabiashara hawakutaka mtu mwingine awe nayo. Inasemekana kila punje iliyouzwa nje ilichemshwa au kukaangwa kwanza, ili isiote popote. Mpaka hujaji mmoja wa India akaficha mbegu chache mwilini, akaondoka nazo kimya kimya. Akasema huko Makka kahawa iliwahi kupigwa marufuku, ikachomwa hadharani, na watu wakaendelea kuinywa. Akasema wamisionari ndio waliokuja kuipanda sehemu nyingi za nchi yetu, lakini Wahaya ng'ambo ya ziwa walikuwa wanatafuna buni zao toka zamani bila kumngoja mmisionari yeyote. Leo inalimwa Brazili, inalimwa Vietinamu, dunia nzima, na karibu kila mahali ilifika kwa sababu kuna mtu aliyekatazwa akakataa.

Wenzangu walikuwa wanasinzia, wanangoja posho. Mimi nilikaa wima. Nilikuwa namwona Boke ndani ya lori, anabembeleza miche.

Halafu Fredy akaingia kwenye kazi. Akasema mbuni hauuawi na uzee, unauawa na kuachwa. Mbuni uliochoka unaukata kwa msumeno urefu wa goti, mkato unaulaza mshazari ili maji yasituame. Mvua ikija, shina linachipua. Unachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayaondoa, na baada ya misimu miwili hivi unachuma kama kijana.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mtaalamu. Huo unakuwa mti mpya, ama ni ule ule?"

"Ule ule, mama. Mizizi ni ile ile. Huna haja ya kupanda."

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Ila akaongeza kitu ambacho nilisafiri nacho njia nzima ya kurudi Butiama. Alisema mashina mengine hayachipui. Mizizi ikiwa imechoka sana, ukikata ndiyo umemaliza.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Nikikata na yasichipue, nitakuwa nimemfanyia Wanzagi kazi yake kwa mkono wangu mwenyewe, na mabinti zangu watalala wapi sijui. Nikiacha, miti inakufa taratibu na jibu ni lile lile, tofauti yake ni kwamba nitakuwa nimekufa taratibu pamoja nayo. Nikamuuliza Ursula anaonaje. Yule mtoto ni Boke mtupu. Alikwenda kuazima msumeno.

Tukakata yote. Wakati ule kulikuwa kukavu, mvua kubwa bado hazijafika. Jirani yetu Rebeka alikuja akasimama mpakani, mikono kichwani. "Ghati! Umerogwa? Unaua kahawa ya marehemu?" Sikumwambia kitu. Si kwamba simpendi Rebeka, ila ukimwambia neno asubuhi, mchana linauzwa sokoni. Akaondoka analia, na mchana huo huo habari ikafika Bunda.

Wanzagi alikuja kabla jua halijazama. Alisimama mbele ya yale mashina, mafupi na meupe kwenye mkato, matawi yamelala kila upande, na uso wake ukafunguka. Mumwelewe. Kwao pamba ikishavunwa, miti yake yote inang'olewa na kuchomwa moto, ni amri, ili wadudu wasibaki shambani. Tangu anazaliwa hajaona kitu kilichokatwa shambani kikaamka tena.

"Shemeji," akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kunipa hata siku moja, "umefanya jambo la akili. Mimi nilijuaga tu utachoka."

"Nimechoka, shemeji," nikamjibu, na sikudanganya. Nilikuwa nimemchoka yeye.

Akaniambia atanipa kona ya kujenga kibanda, asije akaonekana mtu mbaya. Akaomba yale matawi kwa ajili ya kuni, nikamwambia achukue. Kesho yake akatuma mkokoteni, na aliyekuja na mkokoteni akaleta sukari na mche wa sabuni, zawadi ya shemeji yangu. Sabuni tulifulia. Sukari tuliinywa na wanangu tukimwombea maisha marefu. Akasema mvua kubwa zikishalainisha ardhi ataleta wazee washuhudie makabidhiano, na plau iingie siku hiyo hiyo. Halafu akarudi kwenye palizi yake.

Mvua zikachelewa. Wale mliowahi kungoja mvua mnajua, lakini mimi nilikuwa nangoja zaidi ya mvua. Mashina yalikauka juu yakapasuka. Kila asubuhi nilipita nikiyagusa, na kila asubuhi nilijiita mjinga kwa lugha zote nilizo nazo. Nilimkasirikia Fredy na sauti yake ya upole. Nilimkasirikia hata Boke kwa kufa. Mvua ilipokuja ilikuja kwa kishindo, ikapiga, ikapumzika, ikapiga tena. Siku moja nilikuwa nachuma mchicha, nikamsikia Ursula anapiga kigelegele peke yake huko mteremkoni. Nilikimbia nikidhani amemwona nyoka anayecheza. Kwenye gome la shina la kwanza kulikuwa na vichomozo vya kijani, vidogo kama choroko. Na la pili. Na lile la tatu, ambalo shemeji yangu alisema halitamaliza mwaka. Yapo ambayo hayakuchipua, na mpaka leo hayajachipua, sitaki kukuongopea. Lakini mengi yalichipua. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kilio nilichokuwa nadaiwa tangu kile kikao.

Wanzagi alipokuja na wazee, machipukizi yalikuwa yamefika urefu wa kiganja, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Alitangulia yeye na ng'ombe wanne na plau, na kijana wa kuwaswaga. Mzee Mniko na wenzake walifuata nyuma taratibu. Wanzagi alipofika mpakani akasimama. Akatazama. Akavua kofia.

"Hii ni nini?"

"Kahawa ya Boke," nikamwambia. "Imesimama."

"Umepanda! Wazee, mnaona? Alikatazwa asipande, amepanda miti mpya!"

"Nimepanda wapi, shemeji? Nionyeshe shimo."

Akapiga magoti kweli, akaanza kufukua kwa vidole kando ya shina, anatafuta mahali mche ulipoingizwa. Akakutana na mzizi mnene kama mkono wake. Akahamia shina la pili. Akafukua mpaka kucha zikajaa udongo, na wazee wakawa wanamtazama, na yule kijana wa ng'ombe akageuka pembeni ili asionekane anacheka.

Mzee Mniko akakohoa. Alikuwa anaitazama ile mizizi kwa huzuni, maana nilikuwa nimesikia dume limeshafungwa kwa Wanzagi kwa ajili ya kitoweo cha makabidhiano.

"Ghati, mwanangu," akasema, "hii mambo ni ngumu. Miti umekata wewe mwenyewe. Kilichokatwa si ndio kimeisha?"

"Baba, naomba nikuulize. Arusi yangu wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nyama ulikula?"

"Nilikula, ndiyo."

"Nyama ya nyumba gani?"

"Ya nyumba ya Boke."

"Na Boke alikuwa na mtoto?"

Akageuza fimbo yake mkononi. Alishaona ninakokwenda, lakini hakuwa na njia ya kuchepukia.

"Hakuwa na mtoto," nikamjibia. "Mume amekufa, mtoto hana, alikuwa shina lililokatwa. Nyinyi wazee ndio mlisimama mkasema shina halijafa, litachipua, mkala na nyama. Mimi ndiyo chipukizi lenyewe. Ursula huyu ndiye. Sasa leo mkiniambia kilichokatwa kimeisha, basi nyumba ya Boke iliishaga zamani, na ile nyama mlikula bure. Irudisheni."

Kuna mzee mmoja nyuma aliyecheka mpaka akashika fimbo ya mwenzake. Wengine wakafuata. Wanzagi hakucheka, alikuwa bado amepiga magoti.

Wakaenda pembeni kushauriana. Walirudi baada ya muda mrefu, na mzee Mniko akatoa uamuzi wake kama alivyotoa ule wa kwanza, kila mtu apate kipande. Mashina yabaki, ni ya Boke, Ghati achume. Wanzagi avumilie. Ila neno la kikao halijabadilika, nisipande mti mwingine. Na kwa kuwa sina mtoto wa kiume, siku nikifa mimi, mabinti watakuwa wameolewa kwa watu, na shamba litarudi ukoo.

"Umeshinda, mwanangu," akaniambia, ananipa mkono. "Tosheka."

Nikautazama mkono ule. Nikiri kwamba kwa dakika moja nilitaka kuushika. Nilikuwa nimechoka, na ushindi mdogo ni mtamu kwa mtu aliyechoka. Kisha nikamwona Ursula, anamtazama mzee Mniko kwa macho ya mtu ambaye ametajwa kama mzigo unaosubiri gari. Miti ilipewa muda wa maisha yangu. Yeye hakupewa kitu.

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na miche ambayo Ursula aliichukua kwenye kitalu cha chama cha msingi wiki ile mvua ilipokolea. Siku hizi hawaulizi mume. Nilimkemea alipoileta, nikamwambia ikae pale, tusitafute ugomvi mwingine. Sasa nikaenda nikachukua mmoja, na jembe. Nikarudi nikampa yeye vyote viwili, mbele ya wazee.

"Panda."

"Ghati!" Mzee Mniko akainua fimbo. "Tumesema nini sasa hivi?"

"Mmesema mimi nisipande, baba. Na hata mimi ninapanda. Nawaambia kabisa ili msiseme nimewaficha. Boke alificha mgongoni, mimi nimefichama vya kutosha chini ya miti yake. Huo mti ni wa Ursula."

"Ursula ataolewa."

"Ataolewa, ama ataoa, atajua mwenyewe. Mti utabaki hapa."

Wanzagi akasimama, magoti yamejaa tope. "Nitaung'oa. Mnisikie wote. Nitaung'oa kwa mkono wangu."

"Ung'oe," nikamwambia. "Tutapanda miwili. Ung'oe hiyo, tutapanda minne. Wewe una pamba ya kupalilia Bunda, shemeji. Mimi sina safari."

Mzee Mniko alitazama wenzake, wenzake wakatazama chini. Hakuna aliyesema tupande na hakuna aliyesema tusipande. Ursula hakuwangoja. Alichimba, akatoa mche kwenye mfuko wake wa plastiki, akauweka, akaufukia na kuushindilia kwa miguu. Kisha akajipangusa jasho akaniuliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, shimo la pili lianzie wapi.

Nikamwonyesha pale plau ilipokuwa imesimama, nikamwambia yule kijana asogeze ng'ombe.